B-26 Marauder: ndege iliyoitwa muuaji alafu ikamaliza vita ikiwa salama kuliko wenzake

Watu wanaofuatilia ndege za vita ukiwatajia B-26 Marauder wanagawanyika hapohapo. Wapo watakaokwambia lile lilikua jeneza linaloruka, limeua marubani wake kabla hata adui hajaliona, na wapo watakaokwambia hapana bwana, kwenye ndege zote za mabomu ambazo Marekani ilitumia vita vya pili vya dunia hii ndo iliyotunguliwa kidogo zaidi ukilinganisha na safari ilizoruka. Na shida ni kwamba pande zote mbili zina ushahidi wa kweli. Kwahiyo swali linakua hili, ndege moja inawezaje kuwa mambo yote mawili, na je ilibadilika ndege au walibadilika watu?

Mi nasimama upande wa kwamba kilichobadilika zaidi ni watu, mafundi, na namna ya kuitumia, ndege yenyewe ilibadilika kidogo tu. Ila kufika hapo inabidi tuanzie mwanzo kabisa.

Kwanza hii habari ya "saizi ya kati". Zile kubwa zenye injini nne kama B-17 kazi yao ilikua kubeba mzigo mzito na kwenda mbali sana ndani ya Ujerumani. Ndogo zilikua zinafanya kazi karibu na askari wa ardhini. Katikati hapo kuna ndege za injini mbili zenye watu kama wanne hadi saba ndani, na hizo zilikua zinatumwa kwenye vitu vya kueleweka, daraja, stesheni ya reli, kiwanja cha ndege cha adui, ghala la mafuta. Wajerumani walikua na Heinkel 111 na Ju 88, Waingereza wana Wellington, Wamarekani wakawa na B-25 Mitchell na hii B-26.

Sasa mwanzoni mwa 1939 jeshi la anga la Marekani lilitangaza linataka ndege ya aina hiyo na sifa walizoziandika zilikua kali, spidi kubwa, masafa marefu, mzigo wa mabomu wa maana, vyote kwa pamoja. Kampuni ya Glenn L. Martin ya kule Baltimore ikapeleka michoro Julai 1939, aliyeongoza kuichora ni injinia kijana Peyton Magruder. Michoro ikapendwa mno na Septemba 1939 jeshi likaagiza ndege 201 hapohapo. Na hapa ndo pa kuzingatia, hamna hata moja iliyokua imeruka. Kawaida unajenga moja ya majaribio, inarushwa, unaona inasumbua wapi, unarekebisha, ndo unaanza kutengeneza nyingi. Ila Septemba 1939 ndo mwezi Hitler ameingia Poland, kila mtu anaona vita inakuja, hamna mtu alikua na muda huo. Kwahiyo ndege ya kwanza kabisa kutoka kiwandani ndo ikawa ndege ya majaribio, ikaruka 25 Novemba 1940 na Ken Ebel wa Martin akiwa rubani, na zingine zilikua tayari zinakuja nyuma yake. Makosa ambayo yangegunduliwa kimyakimya na marubani wa majaribio yalikuja kugunduliwa na vijana wa miaka 20 na kitu waliotoka shule ya urubani juzi tu.

Turudi kwenye umbo. Ukitaka ndege iende kasi unaipa mwili laini kama risasi, injini zenye nguvu na bawa dogo, maana bawa kubwa linaburuza upepo. Magruder alifanya hivohivo. Injini zilikua mbili aina ya Pratt & Whitney R-2800, silinda 18 kila moja, mwanzoni zilikua za nguvu ya farasi 1,850 na baadae 2,000, propela zenye majani manne, mwili wa duara uliochongoka mbele na nyuma. Matokeo yake ni ndege ya mabomu inayopita kilomita 500 kwa saa, na kwa wakati ule hiyo spidi ilikua ya kutisha.

Lakini bawa dogo lina deni lake na deni linalipwa wakati wa kutua. Bawa la kwanza lilikua na eneo la kama mita 56 za mraba na ndege ikiwa na mzigo ilikua na kama tani 14 na nusu, ukigawa unapata kila mita moja ya mraba ya bawa imebeba karibu kilo 260, na jeshi la anga la Marekani lilikua halijawahi kupokea ndege yenye bawa lililobebeshwa namna hiyo. Maana yake ni kwamba ili bawa liendelee kuinyanyua ndege lazima upepo upite kwa kasi kubwa, ukipunguza spidi kidogo tu chini ya inavyotakiwa bawa linaacha kubeba, ndege inastoli, inaanguka kama tofali. Kwahiyo Marauder ilitakiwa ije uwanjani na kama kilomita 240 kwa saa. Kijana amezoea ndege za mafunzo zinazotua polepole, anaona ardhi inamjia kwa kasi hiyo, mwili mzima unamwambia apunguze. Akipunguza amekwisha.

Alafu kuna ishu ya injini moja kufa. Ndege ya injini mbili moja ikizima wakati wa kuruka, ile nzima inausukuma upande wake na ndege inataka kujipindua kuelekea ile iliyokufa. Unaweza kuizuia kwa usukani wa mkia, lakini usukani nao unahitaji upepo wa kutosha ili ushike, kwahiyo kuna spidi ambayo chini yake huna unachoweza kufanya. Kwenye Marauder spidi hiyo ilikua juu, maana yake sekunde kadhaa baada ya kuachia ardhi rubani alikua hana kinga, injini ikizima hapo ndege inalala chali na watu wanakufa.

Sawa, sasa kwanini injini zilikua zinazima? Hapa ndo watu wengi wanaruka hatua, wanasema tu ndege mbaya. Ukichimba unakuta mambo madogomadogo ya ajabu. Propela za Curtiss zilikua zinabadilisha mkao wa majani kwa umeme, na huo mkao ni kama gia ya gari, wakati wa kuruka unataka majani yakae namna fulani na ukiwa angani namna nyingine. Mafundi wageni walikua wanafanya ukaguzi ndege ikiwa chini kwa kutumia betri za ndege yenyewe badala ya kuchomeka umeme wa nje, betri zinaisha, ndege inakimbia njiani kuruka, umeme hautoshi, propela inapoteza mkao na kuanza kuzunguka ovyo bila kuvuta kitu. Yani fundi kachoka jana jioni, leo asubuhi watu saba wanaanguka. Kingine ni mafuta. Kulikua na mafuta mapya ya ndege yenye kemikali ambazo zilikua zinaharibu viwambo vya ndani ya kabureta, injini inakosa pumzi ghafla. Na ndege za mwanzo nyingine zilitoka kiwandani bila silaha zote, uzito ukawa haujakaa sawa, mguu wa tairi la mbele ukawa unavunjika.

Na walimu? Jeshi lilikua linapanuka kwa kasi ambayo ni ngumu kuielewa leo. Mtu amefundishwa Marauder wiki kadhaa zilizopita leo anafundisha mwenzake, na mwalimu mwenyewe anaiogopa. Hofu ya mwalimu inaingia kwa mwanafunzi bila hata kusemwa. Kituo kikubwa kilikua MacDill, pale Tampa, Florida, na ndo hapo ulipozaliwa ule msemo wa vijana kwamba kila siku moja inaingia kwenye Ghuba ya Tampa. Ukweli wake ni kwamba kati ya Agosti 1942 na Oktoba 1943 ndege zilizoangukia kwenye hiyo ghuba zilikua 13. Sio moja kila siku. Ila hizo ni za majini tu, zilizoanguka nchi kavu hazimo hapo, na mtu anayelala kwenye kambi ambayo wenzake wanazikwa hawezi kukaa kuhesabu, kwahiyo mi siwalaumu kwa kutia chumvi. Majina mengine waliyoipa ni Mtengeneza Wajane na Muuaji wa Martin, kwa jina la kampuni.

Kuna kitu kimoja kinanishawishi kwamba tatizo halikua ndege peke yake. Kundi la kwanza kabisa kupewa Marauder lilikua kundi la 22 la mabomu, walipewa mwaka 1941, kabla ya vita kufika Marekani, na marubani wake walikua watu wenye masaa mengi angani. Wao walipata taabu na tairi za mbele ila hawakufa kwa kasi ile ya Tampa. Ndege ileile, bawa lilelile, marubani tofauti.

Mambo yalifika bungeni. Seneta Harry Truman, huyuhuyu aliyekuja kuwa rais, alikua anaongoza kamati ya seneti inayochunguza matumizi ya vita, na akamuuliza Glenn Martin uso kwa uso kuhusu mabawa. Inavyosimuliwa, Martin akajibu kwamba michoro imeshafika mbali na mkataba anao tayari mkononi, Truman akamwambia kama ni hivo mkataba utafutwa, na hapo Martin akasema basi mabawa yatarekebishwa. Napenda sana hicho kipande kwasababu kinaonyesha uwajibikaji ukifanya kazi katikati ya vita, wakati ambao ingekua rahisi kusema tusiulize maswali sasa hivi.

Bawa kweli likarefushwa, kutoka mita 20 hivi hadi karibu 22 kutoka ncha hadi ncha, eneo likawa kama mita 61 za mraba, na mkia ukakuzwa. Vitabu vingi vinaishia hapo, wameongeza bawa shida ikaisha. Lakini piga hesabu. Walivyoongeza bawa waliongeza na bunduki, chuma cha kukinga risasi na vifaa vingine, ndege yenye mzigo ikafika karibu tani 17. Gawa tena kwa 61, unapata kama kilo 275 kwa kila mita ya mraba. Yani bawa jipya lilikua linabeba uzito mkubwa kuliko lile la zamani! Mkia mkubwa ulisaidia kuishika ndege injini moja ikifa, hilo halina ubishi, na ndege za matoleo ya mwisho bawa liliinuliwa pembe kidogo ili iruke na kutua kwa unafuu. Ila kusema bawa ndo lililoiokoa Marauder, hesabu inakataa.

Kilichoiokoa kwa kiasi kikubwa ni mafunzo. Jenerali Arnold, mkuu wa jeshi la anga, alimtuma Jimmy Doolittle aangalie hii ndege, na Doolittle alikua rubani wa kiwango ambacho akisema ndege inaruka, inaruka. Yeye na msaidizi wake Vincent Burnett wakafanya kitu cha maana kuliko ripoti yoyote, Burnett akawa anazunguka kambi kwa kambi anaipanda Marauder mbele ya vijana, anazima injini moja, anageuza kuelekea upande wa injini iliyokufa, kitu ambacho kila mtu alikua ameambiwa kitamuua, anaipunguza spidi hadi karibu kustoli anairudisha, anatua. Kijana akishaona hivo kwa macho yake ile hofu inapungua. Pia kule Dodge City, Kansas, wanawake marubani wa kikosi cha WASP wakafundishwa kuirusha Marauder, wakawa wanaitumia kuvuta shabaha za mazoezi. Wanaume waliokua wanalalamika kwamba haishikiki wakakosa cha kusema. Viwambo vya kabureta vikabadilishwa, mafundi wakafundishwa mambo ya umeme, ajali zikashuka.

Wakati hayo yanaendelea Marekani, vitani ilikua tayari imeingia. Kundi la 22 lilipelekwa Australia mwanzoni mwa 1942, na kuanzia Aprili wakawa wanatoka Townsville, wanajaza mafuta Port Moresby, wanaenda kupiga Rabaul, ngome kubwa ya Wajapani, safari ndefu juu ya bahari bila ndege za kusindikiza. Mbunge mmoja kutoka Texas alipanda nao tarehe 9 Juni 1942 kwenda kupiga Lae, kambi nyingine ya Wajapani kule New Guinea, jina lake Lyndon Johnson, naye baadae akawa rais. Inasimuliwa kwamba alikua ameshakaa kwenye ndege moja, akashuka kidogo, kurudi akakuta nafasi imechukuliwa akapanda nyingine. Ile ya kwanza ilitunguliwa wote wakafa. Yeye akapewa nishani, na mpaka leo watu wanabishana kama ndege yake ilifika kwenye shabaha au iligeuza njiani.

Siku tano kabla ya hapo, 4 Juni 1942, Marauder nne zilikua kwenye kisiwa cha Midway, wamezifungia torpedo, bomu linalopita ndani ya maji kwenda kugonga meli, chini ya tumbo, kazi ambayo wale marubani walikua hawana uzoefu nayo. Zikaenda kuivaa meli kubwa ya Kijapani ya kubebea ndege, Akagi, bila ndege za kivita za kuwasindikiza. Mbili zilitunguliwa. Moja iliyoponea, rubani wake James Muri, aliona mahali pekee ambapo bunduki za meli zinasita kumpiga ni juu ya meli yenyewe, akapita juu ya sitaha ya Akagi kwa urefu wake wote huku watu wake wakimimina risasi. Nyingine iliyokua inaanguka ilikosa kidogo kugonga mnara wa meli alipokua amesimama amiri Nagumo. Torpedo zote zilikosa. Lakini kuna wanahistoria wanaosema hilo shambulio lilichangia kumfanya Nagumo aone Midway bado ni hatari na inatakiwa kupigwa tena, akaamuru ndege zibadilishiwe silaha, na wakati wa kubadilisha ndo wakakutwa na ndege za Marekani. Mi siendi mbali kiasi cha kusema ndege nne ndo ziligeuza vita, sababu ya Midway ni nyingi, ila wale vijana 28 wanastahili kutajwa.

Pasifiki haikudumu nayo. Visiwani viwanja ni vifupi, B-25 inaruka na kutua kwa njia fupi zaidi, kwahiyo taratibu Marauder ikaachwa kule na kupelekwa Afrika Kaskazini na Ulaya. Makundi ya 17, 319 na 320 yaliingia Algeria na Tunisia tangu mwishoni mwa 1942, alafu wakapanda na vita kupitia Italia. Waingereza walizipewa pia, skwadroni ya 14 ilizitumia kutoka Misri kuwinda meli, na jeshi la anga la Afrika Kusini lilikua na skwadroni tano za Marauder zilizopiga Italia na nchi za Balkani. Wafaransa nao walizipata.

Sasa tufike kwenye siku ambayo nadhani ndo inaeleza kila kitu. Kundi la 322 lilifika Uingereza mwaka 1943 na wakubwa wakaamua Marauder itumike chini kabisa, karibu na miti, wazo ni kwamba rada haitakuona na mizinga haitapata muda. Tarehe 14 Mei ndege 12 zikaenda kupiga kituo cha umeme karibu na IJmuiden, Uholanzi. Walitumia mabomu ya kuchelewa kulipuka ili wafanyakazi wa Kiholanzi wapate muda wa kukimbia, na kituo hakikuharibika. Zikarudi zimejaa matundu, moja ikaanguka ilipokaribia nyumbani. Wakubwa wakasema mrudi tena. Kituo kilekile na kingine cha jirani kule Haarlem, njia ileile karibu, siku tatu tu baadae. Kamanda wa kundi, Robert Stillman, alipinga, akaambiwa amri ni amri, na yeye mwenyewe akapanda kuongoza.

Tarehe 17 Mei zikaruka 11. Moja ikapata hitilafu juu ya bahari ikageuza, na katika kugeuza ikapanda juu kidogo, inaaminika hapo ndo rada ya Wajerumani iliwaona. Kumi zikaendelea. Hazikurudi. Hata moja. Watu 60, wengi wakafa, wengine wakawa mateka, Stillman mwenyewe akatolewa kwenye mabaki akiwa hai, na washika bunduki wawili wakaokotwa baharini na meli ya Waingereza siku kadhaa baadae. Kule uwanjani mafundi walisimama wanaangalia angani wakihesabu saa za mafuta mpaka ikawa wazi kwamba hamna ndege yenye mafuta tena.

Baada ya hapo walikaribia kuitupa kabisa hii ndege Ulaya. Badala yake wakafikiri. Ukiwa chini sana kila mwenye bunduki anakupiga, mizinga midogo ya milimita 20 na 37 inayofyatua haraka ndo inakua nyumbani. Ukipanda juu sana kama B-17 unapata baridi, oksijeni, na mabomu yanatawanyika. Ila ukikaa kama mita 3,000 hadi 3,700 ile mizinga midogo haikufikii vizuri, inabaki mikubwa ya milimita 88, na hiyo mikubwa inahitaji kupima urefu wako, spidi yako na unakoelekea alafu risasi ipande sekunde kadhaa. Kwahiyo ukiwa unabadilisha uelekeo kidogo kila baada ya muda mfupi risasi inapasuka mahali ulipokua na sio ulipo. Ile spidi ya Marauder iliyowatisha watu Tampa hapa ikawa rafiki. Na kwasababu shabaha zilikua Ufaransa ya kaskazini, Ubelgiji na Uholanzi, ndege ndogo za kivita kama Spitfire ziliweza kuwasindikiza njia nzima. Julai 1943 wakaanza upya namna hiyo, wakiruka kwa mpangilio wa karibukaribu na kudondosha kwa pamoja wakimfuata kiongozi mwenye kifaa cha kulengea cha Norden.

Ikafanya kazi. Mwisho wake yakawa makundi nane ya Marauder chini ya jeshi la anga la 9, yakapiga viwanja vya ndege, sehemu za kurushia makombora ya V-1, stesheni za reli, na Mei 1944 wakisaidiana na ndege za P-47 wakayakata madaraja ya mto Seine ili askari wa Kijerumani wasifike Normandy kirahisi. Daraja ni shabaha ngumu, jembamba, ukikosa mita kumi umepiga maji.

Asubuhi ya 6 Juni 1944, siku majeshi ya Marekani na washirika wake yalipotua pwani ya Normandy, Ufaransa, ndo siku yao. Mawingu yalikua chini. Kule pwani ya Omaha ndege kubwa zilipiga kutoka juu ya mawingu bila kuona, wakachelewesha kuachia ili wasiwaue wenzao, mabomu yakaangukia mashambani huko nyuma. Kwenye pwani ya Utah Marauder zaidi ya 270 zikashuka chini ya mawingu na zikaruka sambamba na ufukwe badala ya kuukata, wakaachia mabomu moja kwa moja juu ya ngome. Askari waliotua Utah siku hiyo majeruhi na vifo havikufika 200, Omaha vilizidi 2,000. Tofauti yote sio ya Marauder, Omaha ina vilima na kule Utah boti zilisukumwa na maji zikafika sehemu isiyo na ulinzi mkali, lakini mchango upo na ni mkubwa.

Sasa tuje kwenye takwimu ambayo mashabiki wanaipenda. Kwa vita nzima Marauder ziliruka zaidi ya safari 110,000 na zilizopotea vitani ni kama 900, yani chini ya moja kwa kila safari 100, na kwa jeshi la anga la 9 peke yake ilikua chini ya nusu ya asilimia. Ni kweli. Ila isisomwe peke yake. Marauder iliyokua inatokea Uingereza ilikua inavuka mfereji wa bahari kuingia Ufaransa, inapiga, inarudi ndani ya masaa machache huku inasindikizwa. B-17 ilikua inakaa masaa manane angani, na mwaka 1943 nusu ya safari haina msindikizaji. Ukiwaweka kwenye jedwali moja unawaonea watu wa B-17. Na ukitaka kuona Marauder ikikosa msindikizaji angalia 23 Desemba 1944, Wajerumani wamevamia Ardennes, eneo la misitu kule Ubelgiji, hali ya hewa imefunguka, kundi la 391 likatumwa kupiga daraja la reli la Ahrweiler, wasindikizaji wakakosekana, ndege 16 hazikurudi kwa siku moja. Pale nusu ya asilimia haikumsaidia mtu.

Nguvu ya chuma chake lakini hiyo siibishii. Kuna Marauder moja inaitwa Flak Bait, ya kundi lilelile la 322 lililoteketea IJmuiden, iliruka misheni zaidi ya 200, hamna ndege ya mabomu ya Marekani Ulaya iliyoifikia. Ilipigwa matundu zaidi ya elfu moja, ikarudi na injini moja, ikarudi inawaka, na haikupoteza mtu hata mmoja kwa kifo. Rubani wake wa kwanza James Farrell aliita hivo akicheza na jina la utani la mbwa wa familia yao. Iko makumbusho ya Smithsonian, wanaitunza na rangi yake ileile ya vita na viraka vyake.

Zilizobaki nyingi hazikupata bahati hiyo. Zilijengwa zaidi ya 5,200 na vita ilipoisha zilizokua Ulaya zilirundikwa Ujerumani zikalipuliwa kwa baruti na kuuzwa vyuma chakavu. Mwaka 1948 jeshi la anga la Marekani likachukua ndege nyingine kabisa, Douglas A-26 Invader, likaibadilisha jina na kuiita B-26, na tangu hapo ni mkanganyiko mtupu. B-26 ya vita ya Korea ni Invader. Na B-26 zilizopiga waasi wa Simba kule mashariki mwa Kongo miaka ya 1964 na 1965, zikirushwa na Wakuba waliomkimbia Castro wakilipwa na CIA, hizo nazo ni Invader zilizofanyiwa ukarabati. Wazee wa maeneo ya Ziwa Tanganyika wakikusimulia habari za B-26 ujue hawaongelei Marauder. Ukiona picha na hujui ni ipi, hesabu majani ya propela, Invader ina matatu, Marauder ina manne, na mwili wa Marauder ni wa duara wakati wa Invader ni mwembamba wenye ubavu bapa.